Zanzibar ilipoilipa Maskati

Mwaka 1861 Lord Canning, mwakilishi mkuu wa Malkia wa Uingereza kule India, aliamua ugomvi wa ndugu wawili. Baba yao, Seyyid Said bin Sultan, alifariki baharini mwaka 1856 akitoka Maskati kurudi Unguja, akaacha dola iliyokuwa na mguu mmoja Manga na mwingine Afrika Mashariki. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid alikuwa Zanzibar, na Thuwaini alikwishaandaa merikebu kuja kuichukua Zanzibar kwa nguvu. Canning akazitenga nchi mbili, kila ndugu akabaki na alichokishika. Ila aliweka sharti: Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka, kwa kuwa urithi wa ndugu hao haukulingana, na aliyepata Unguja ndiye aliyepata sehemu nono.

Sharti hilo nitalitumia kama kipimo cha pengo la mali kati ya nchi za Kiarabu katika makala hii, maana mazungumzo yetu juu ya mali za Waarabu mara nyingi huanzia mwisho wa hadithi. Wakati wa Canning tajiri alikuwa Unguja. Alitajirika kwa karafuu, kwa pembe za ndovu na, lazima lisemwe, kwa kuuza watu. Oman ilikuwa nchi ya mitende na mawe, na iliendelea hivyo kwa miaka mia iliyofuata. Wamanga waliendelea kuja na kaskazi hadi miaka ya 1950, vijana wasio na kitu, wakafungua viduka vya shamba Pemba na Unguja. Washihiri kutoka Hadhramaut, katika Yemen ya leo, walibeba magunia bandarini Mombasa na Zanzibar, wakauza maji na kahawa mitaani. Majahazi ya Kuwait yalishuka hadi Lamu na Rufiji kuchukua boriti za mikoko, kwa sababu kwao hapakuwa na mti wa kuezekea nyumba. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za Ghuba ulifuata urefu wa boriti zetu. Leo binti wa Tanga au wa Mombasa anapanda ndege kwenda Maskati au Riyadh kulea watoto wa watu na kufua nguo zao. Yote haya yamegeuka ndani ya umri wa mtu mmoja.

Lakini hayakugeuka kwa Waarabu wote. Tunaposema "Uarabuni" siku hizi, macho huenda moja kwa moja kwenye minara ya Dubai. Sana'a, mji mkuu wa Yemen, nayo ni Uarabuni. Khartoum ni Uarabuni, kwa hesabu ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu yenye wanachama 22, na Mogadishu pia, na Moroni ya Komoro. Pato la mwaka la Qatar likigawanywa kwa kila aliyemo nchini linazidi dola 70,000. La Yemen, iliyoko kwenye rasi hiyo hiyo, halifikii dola 1,000. Nchi sita za Ghuba zilizounda Baraza la Ushirikiano mwaka 1981 zina takriban mtu mmoja katika kila wanane wa ulimwengu wa Kiarabu, wageni wao wakihesabiwa, nazo zinashika zaidi ya nusu ya pato lote. Mwanauchumi Thomas Piketty na wenzake walipoihesabu Mashariki ya Kati kana kwamba ni nchi moja, pamoja na Uturuki na Iran, waliona kuwa watu asilimia 10 wa juu wanachukua zaidi ya asilimia 60 ya kipato. Kwa Ulaya Magharibi kiwango hicho hakifiki asilimia 40.

Pengo hili halikuanza na bidii ya mmoja wala uvivu wa mwingine. Katika miaka ya 1920 na 1930 Ghuba ilikuwa na njaa. Kazi kubwa ya watu wa Kuwait, Bahrain na Qatar ilikuwa kuzamia lulu, na lulu za kufugwa za Wajapani pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia ziliiua kazi hiyo. Serikali ya Ibn Saud, mwasisi wa Saudia, ilitegemea kwa sehemu kubwa ada za mahujaji. Mwaka 1922, katika mkutano wa Uqair, ofisa wa Kiingereza Sir Percy Cox alichukua penseli nyekundu akachora kwenye ramani mipaka ya Iraq, Kuwait na Najd, nchi ya Ibn Saud. Hakuna aliyekuwa pale aliyejua kilicholala chini ya mstari ule. Miaka kumi baadaye mafuta yakapatikana Bahrain. Mwaka 1938 yakapatikana Kuwait na Dammam, Saudia. Gesi ya Qatar, iliyo katika hazina kubwa kuliko zote duniani ambayo inamegwa pamoja na Iran chini ya bahari, iligunduliwa mwaka 1971, mwaka ule ule nchi hiyo ilipopata uhuru. Ikalala robo karne bila kuuzwa nje, mpaka walipokopa fedha na kujenga mitambo ya kuigeuza kimiminika. Shehena ya kwanza iliondoka mwishoni mwa 1996.

Kwa hiyo mwanzo wa jambo ni mwamba ulio chini ya ardhi, na mstari uliochorwa juu yake. Hayo hayana wa kulaumiwa. Ninachokilaumu ni kilichofuata.

Tuanze na namna ya kuhesabu. Katika Qatar wananchi wenyewe ni kama mmoja tu kati ya wakazi kumi. Wastani ule wa dola 70,000 unawahesabu pia Wanepali, Wabangladeshi, Wahindi na Wakenya waliojenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2022 na wanaolinda milango ya maduka. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika huko mwaka 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, kama dola 275, pamoja na posho ya chakula na malazi kama mwajiri hatoi. Weka hizo kando ya wastani wa takriban dola 6,000 kwa mwezi. Wastani unasema kweli kuhusu nchi na unasema uongo kuhusu mtu. Katika Ghuba pasi ya kusafiria inafanya kazi ya hati ya hisa: mwenye nayo ana sehemu katika kisima, kwa njia ya ajira ya serikali, ardhi, ruzuku ya umeme na matibabu. Asiye nayo analipwa kwa jasho lake, kisha anarudi kwao.

Na kulikuwa na wakati ambapo wengi wa waliolipwa kwa jasho walikuwa Waarabu wenyewe. Hapa ndipo nadhani jambo zima limelala, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne baada ya vita vya Oktoba 1973, Ghuba ilihitaji kila kitu: walimu, waashi, madaktari, madereva. Walimu walitoka Misri na Palestina, wahandisi walitoka Lebanon na Jordan, waashi walitoka Yemen. Katikati ya miaka ya 1970 karibu robo tatu ya wageni wote waliofanya kazi Ghuba walikuwa Waarabu. Fedha zilizotumwa nyumbani zilifanya kazi ambayo hakuna msaada wa serikali uliowahi kuifanya. Yemen ya Kaskazini, nchi ambayo haikuwa na cha kuuza nje ila kahawa kidogo na ngozi, iliishi kwa hawala za wanaume waliokuwa Saudia. Fedha hizo hazikupita ikulu. Zilifika kijijini mkononi mwa mtu, zikawa nyumba ya mawe, kisima, mahari, karo ya shule.

Wayemeni walikuwa na heshima ya pekee Saudia. Wao hawakuhitaji mdhamini kama wageni wengine. Waliingia, wakafungua duka, wakaishi. Kulikuwa na sababu za kihistoria, kwani mikoa ya Asir, Najran na Jizan, iliyodaiwa na Yemen, ilibaki mikononi mwa Saudia kwa mkataba wa Taif wa 1934, na watu wa pande mbili za mpaka ule ni jamaa. Salim bin Mahfudh, aliyetoka Hadhramaut akiwa kijana, alikuwa miongoni mwa waasisi wa benki kubwa ya kwanza ya biashara nchini humo. Kaka mmoja alikwenda Jeddah, mwingine Mombasa, na hadi leo zipo familia za Mji wa Kale zenye binamu kote kuwili.

Tarehe 2 Agosti 1990 Iraq ikaivamia Kuwait. Yemen, iliyokuwa imeungana Mei mwaka huo huo na kwa bahati mbaya ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ilipinga azimio la Novemba lililoruhusu vita. Ni Yemen na Cuba tu zilizopinga. Marekani ikakata msaada wake. Saudia haikungoja hata kura hiyo: tangu Septemba ilikuwa imewafutia Wayemeni haki yao ya kuishi bila mdhamini. Watu kati ya laki nane na milioni moja wakarudi nyumbani ndani ya miezi michache, wakiwa na magodoro na masanduku juu ya malori, kwenye nchi ambayo haikuwa na kazi wala maji ya kuwatosha. Maelfu waliishi kwenye vibanda kando ya mji wa bandari wa Hodeidah kwa miaka. Wapalestina wa Kuwait, waliokuwa kama laki nne, nao wengi wao waliondoka au waliondolewa, kwa sababu kiongozi wao, Yasser Arafat, alikuwa ameegemea upande wa Baghdad.

Mwashi wa Yemen aliyekuwa akijenga ukuta Taif, Saudia, hakupiga kura New York. Aliadhibiwa kwa kura ya rais wake, na mtoto wake kijijini Ibb au Taiz aliadhibiwa pamoja naye. Nafasi yao ikachukuliwa na wafanyakazi kutoka Asia Kusini na Ufilipino, na baadaye kutoka kwetu. Mabadiliko hayo yalikuwa yameanza mapema kidogo, kwa sababu watawala walimwona mfanyakazi asiyejua Kiarabu kuwa ni rahisi: haombi uraia, haingii kwenye siasa za msikitini wala za chama, haolewi wala haoi humo, hana ndugu mtaa wa pili. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 Waarabu hawakufika hata theluthi ya wageni wa Ghuba.

Nchi ya Yemen haikupona kutokana na mwaka ule. Sisemi vita vya leo vilizaliwa siku ile moja. Lakini ukiifunga njia kuu ya riziki ya watu milioni kadhaa, na bandari yako ya Aden, iliyokuwa miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi zaidi duniani katika miaka ya 1950, ilikwishauawa na kufungwa kwa Mfereji wa Suez kati ya 1967 na 1975, unabaki na vijana wengi, bunduki nyingi na serikali isiyo na kitu cha kuwapa. Wahuthi, waasi kutoka kaskazini mwa nchi, waliiteka Sana'a mwaka 2014. Saudia na washirika wake wakaanza kupiga mabomu Machi 2015. Fedha zilizotumika angani kwa miaka ile zingeweza kumwajiri kila mwashi wa Yemen hadi uzeeni, na hilo nalisema nikiwa na uchungu.

Sasa nirudi kwenye kipimo chetu cha riale 40,000. Je, Waarabu wenyewe hawakuwahi kuandikiana wajibu wa namna hiyo? Waliwahi, na wengi wamesahau. Mwaka 1967, baada ya Israel kuzishinda Misri, Jordan na Syria mwezi Juni, wakuu wa nchi za Kiarabu walikutana Khartoum mwishoni mwa Agosti. Suez imefungwa, Misri haina ada za meli, haina visima vya Sinai, haina watalii. Mfalme Faisal wa Saudia na Gamal Abdel Nasser wa Misri walikuwa mahasimu waliokuwa wakipigana kwa mikono ya wengine huko Yemen. Juu ya yote hayo wakakubaliana: Kuwait italipa pauni za Kiingereza milioni 55 kwa mwaka, Saudia milioni 50, Libya milioni 30. Misri itapata milioni 95, Jordan milioni 40, mpaka athari za vita ziondoke. Kiasi kilitajwa, mlipaji alitajwa, mpokeaji alitajwa.

Mkutano huo hukumbukwa kwa zile "la" tatu kwa Israel: hakuna amani nayo, hakuna kuitambua, hakuna mazungumzo nayo. Mimi naukumbuka kwa jedwali lile la malipo. Angalia tena jina la tatu kwenye orodha ya walipaji: Libya, nchi ambayo miaka kumi na tano kabla yake ilikuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani na bidhaa yake kubwa ya kuuza nje ilikuwa vyuma chakavu vilivyoachwa jangwani na majeshi ya Vita Vikuu vya Pili.

Baghdad, mwaka 1978, walijaribu tena, baada ya Misri kukaa mezani na Israel huko Camp David, Marekani, na kukubaliana. Waliahidi malipo ya kila mwaka kwa Syria, Jordan na Wapalestina kwa miaka kumi. Safari hii ahadi ilichakaa haraka. Iraq ikaingia vitani na Iran mwaka 1980, bei ya mafuta ikaporomoka katikati ya muongo, na mlipaji wa kutegemewa akabaki Saudia karibu peke yake. Tangu hapo fedha za Ghuba kwenda kwa ndugu zimekuwa za hisani ya mtawala, zinafunguliwa na kufungwa kulingana na nani yuko ikulu Cairo, Amman au Beirut.

Na siku hizi hata hisani imepungua, imegeuka ununuzi. Februari 2024 Misri ilikuwa karibu kuzama. Ada za Suez zilikuwa zinashuka kwa sababu ya mashambulizi ya Wahuthi Bahari ya Shamu, dola hazipatikani, pauni ya Misri ina bei mbili, ya benki na ya mtaani. Mfuko wa Abu Dhabi ukaja na dola bilioni 35: bilioni 24 fedha mpya, na bilioni 11 zilizokuwa amana za Falme za Kiarabu katika benki kuu ya Misri zikageuzwa mtaji. Kilichotolewa ni haki ya kuendeleza Ras el-Hekma, pwani nzuri ya Mediterania yenye ukubwa wa kilomita za mraba 170. Siku chache baadaye pauni iliachiwa huru, dola ikapanda kutoka pauni 31 hadi kama 50, na Shirika la Fedha la Kimataifa likaongeza mkopo wake hadi dola bilioni 8. Juni mkate wa ruzuku, ambao bei yake haikuguswa kwa zaidi ya miaka thelathini, ukatoka piasta 5 kwenda piasta 20.

Sidai kuwa Abu Dhabi ilifanya kosa kuinunua pwani. Muuzaji alikuwa na shida na mnunuzi alikuwa na fedha. Ninachosema ni kwamba kati ya Khartoum 1967 na Ras el-Hekma 2024 kuna kitu kimeondoka. Kule ndugu alimlipa ndugu kwa sababu urithi haukulingana. Huku anamkomboa kwa kuchukua kiwanja chake.

Sudan ni mfano unaoumiza zaidi, kwa sababu huko mpango ulikuwapo na ulikuwa mzuri. Katika miaka ya 1970 wazo lilikuwa hili: fedha za Ghuba zikutane na ardhi na maji ya Sudan, na chakula kiwalishe Waarabu wote. Kiwanda cha sukari cha Kenana kilianzishwa mwaka 1975 kwa mtaji wa Kuwait na Saudia pamoja na Sudan. Mamlaka ya Kiarabu ya uwekezaji wa kilimo ikapewa makao Khartoum mwaka uliofuata. Madeni, ukame na vita vya kusini vikaula mpango ule. Kusini ilipojitenga mwaka 2011 iliondoka na karibu robo tatu ya mafuta. Tangu Aprili 2023 majenerali wawili wanaichoma nchi. Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya waliokimbia makazi ya Zamzam, Darfur, katika nchi iliyotajwa zamani kuwa ghala la chakula la Waarabu. Na dhahabu inayochimbwa humo, sehemu kubwa yake huishia katika masoko ya Falme za Kiarabu.

Mtu wa Doha, Qatar, anaweza kunijibu hivi: kwa nini nilipe, wakati fedha zinaliwa na wakubwa wa huko? Swali ni la haki. Ali Abdullah Saleh alitawala Yemen kwa miaka 33, na mwaka 2015 wataalamu walioripoti kwa Baraza la Usalama walikadiria kuwa alikusanya kati ya dola bilioni 32 na 60. Lebanon ilikuwa na benki zilizosifiwa Mashariki ya Kati nzima. Tangu mwishoni mwa 2019 watu walikwenda kwenye kaunta wakaambiwa akiba zao hazitoki, na lira ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake. Moroko na Aljeria, nchi mbili zisizo na vita kati yao, zimeufunga mpaka wao wa ardhini tangu 1994, na mwaka 2021 Aljeria ikafunga hata bomba la gesi lililopita Moroko kwenda Hispania. Huko hakuna mtu wa Ghuba wa kulaumiwa.

Libya yenyewe ndiyo hoja kubwa ya mtu huyo wa Doha. Ina akiba ya mafuta kubwa kuliko nchi yoyote ya Afrika, mapipa kama bilioni 48, kwa watu milioni saba hivi. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2023 dhoruba ilipiga mashariki ya nchi na mabwawa mawili juu ya mji wa Derna yakapasuka. Yalijengwa miaka ya 1970 na yalihitaji matengenezo ambayo hayakufanyika. Maji yalisomba mitaa mizima hadi baharini, na watu kwa maelfu wakafa. Nchi yenye fedha za kujenga mabwawa mia haikuwa na serikali ya kukaza mawili.

Oman, kwa upande mwingine, ina mafuta kidogo kwa kulinganisha na jirani zake, mapipa kama bilioni tano, na magumu kuyachimba. Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 alikuta shule tatu za msingi, za wavulana, na barabara ya lami ya kilomita kumi hivi. Mafuta yalikuwa yameshaanza kuuzwa tangu 1967, lakini baba yake aliyaogopa. Qaboos aliwaita Waomani waliotawanyika duniani warudi. Wengi wao walikuwa wa huku, waliokimbia Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, waliosoma shule za Unguja na vyuo vya Cairo, London na Makerere. Kiswahili kikasikika katika wizara, hospitali na kampuni ya mafuta ya Maskati. Mwaka 2010 ripoti ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa iliiweka Oman ya kwanza kati ya nchi 135 zilizopiga hatua kubwa zaidi tangu 1970, mbele ya China. Elimu na afya ndizo zilizoifikisha hapo. Kwa hiyo nakubali: mafuta mengi bila utawala ni Derna, na mafuta kidogo yenye utawala ni Maskati.

Hata hivyo jibu hilo halimpunguzii mtu wa Doha deni lake, maana ipo njia ya kulipa ambayo haipiti kwenye mkono wa rais yeyote. Ilikuwapo na ilifanya kazi: ni yule mwashi wa Taif. Mlango wa kazi, wenye mkataba, wenye haki ya kubadili mwajiri na uhakika kwamba hutafukuzwa kwa sababu ya kura iliyopigwa na mtu mwingine, ungeinua Ibb ya Yemen na Assiut ya Misri kuliko mfuko wowote wa wawekezaji. Waswahili tunasema undugu ni kufaana, si kufanana. Waarabu wana lugha moja, kibla kimoja kwa walio wengi, vikao visivyohesabika. Biashara kati yao bado ni kama sehemu moja ya kumi tu ya biashara yao yote.

Na ningependa mlango huo uwekewe maandishi, kama yale ya 1861 na 1967. Tunayo methali nyingine, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, lakini moyo wa mtawala hubadilika na bei ya pipa. Ghuba yenyewe imeanza kulielewa hilo ndani ya nyumba yake. Saudia iliweka kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018 ikaifikisha asilimia 15 mwaka 2020. Oman imetangaza kodi ya mapato ya asilimia 5 kwa wenye kipato kikubwa kuanzia 2028, ya kwanza katika Ghuba. Anayetozwa kodi huanza kuuliza fedha zinakwenda wapi, na huko mbele huenda akauliza pia kwa nini jirani yake ana njaa.

Nimalizie na jirani zetu wa Ngazija, ambao wengi wetu tunaelewana nao lugha nusu kwa nusu. Komoro iliingia Jumuiya ya Nchi za Kiarabu mwaka 1993. Mwaka 2008 bunge la Moroni lilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi. Falme za Kiarabu na Kuwait zina watu waitwao bidun, yaani "bila", waliozaliwa humo bila uraia kwa sababu babu zao hawakuandikishwa wakati mipaka ilipokuwa inachorwa. Abu Dhabi ilitaka wawe na karatasi za nchi fulani, iwe yoyote ila ya kwake. Komoro, nchi maskini, iliahidiwa mamilioni ya dola kwa barabara na umeme, ikatoa pasi kwa maelfu. Sehemu kubwa ya fedha haikuonekana, na mwaka 2022 rais wa zamani Ahmed Abdallah Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mkubwa katika kesi hiyo.

Yuko basi mtu Abu Dhabi leo, Mwarabu aliyezaliwa juu ya mafuta, ambaye droo yake ina pasi yenye mwezi na nyota nne za visiwa vya Bahari ya Hindi. Wengi wa wenzake hawajawahi kuvikanyaga. Kwenye vikao vya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, nchi iliyoiuza pasi ile na nchi iliyoinunua zina kura moja moja.